Umeombwa uingie ulinzi kanisani hapa Texas? Soma hii kabla hujanunua bastola

Ndugu zangu mnaofika Texas saivi, hasa nyie mnaosali kwenye ibada zetu za Kiswahili huku Fort Worth na Dallas, naandika kwa sababu kila baada ya miezi michache kuna kijana mpya anaitwa pembeni na mzee wa kanisa ibada ikiisha, anaambiwa we umetulia na una mwili, njoo utusaidie ulinzi, wiki inayofuata kijana yupo dukani anauliza bei ya bastola. Mi niko kwenye timu ya ulinzi ya kanisa letu mwaka wa sita sasa. Kabla ya bei kuna swali la kwanza kabisa, karatasi zako za uhamiaji zinasemaje?

Tulikotoka mlinzi ni yule mzee wa getini na rungu na tochi yake, bunduki unaiona kwa polisi au nje ya benki, kwaiyo ukifika hapa ukamkuta mama mtu mzima kakaa ibadani na bastola kwenye mkoba unadhani nchi hii ni ruksa kwa kila mtu. Hapana jamani. Sheria ya Marekani nzima, sio ya Texas peke yake, inamkataza mtu aliyepo hapa bila uhalali kushika silaha, na inamkataza pia aliyeingia kwa viza ya muda kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, ukiacha misamaha michache ambayo mwache wakili akuelezee. Na nikisema kushika simaanishi kumiliki tu, shemasi akikwambia nishikie hii dakika mbili naenda msalani, ukaipokea, tayari umeingia kwenye kosa ambalo tangu 2022 kifungo chake kinafika miaka 15. Wenye grinkadi na waliopokelewa kama wakimbizi hawamo kwenye hilo katazo, lakini hata wao wakitiwa hatiani kwa kosa la silaha wanaweza kuondolewa nchini, yani familia uliyoihangaikia miaka kumi kambini inabaki huku we unarudishwa. Halafu kuna jambo watu wanalificha kwa aibu, kama uliwahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mzazi mwenzio, hata kama mahakama iliiona kesi ndogo, mlango wa silaha umefungwa. Sema mapema, mzee wa kanisa atakupangia kazi nyingine na hakuna atakayeuliza. Na unaesubiri kesi ya hifadhi usimwulize rafiki, usimwulize hata mchungaji, nenda kwa wakili wa uhamiaji ukae naye.

Sasa tuseme karatasi zako ziko sawa. Hapa Texas kuanzia tarehe 1 Septemba 2017 mtu anayejitolea kulinda kwenye nyumba ya ibada haihitaji ile leseni ya makampuni ya ulinzi. Kabla ya hapo makanisa yalikuwa na hofu kwamba kikundi chochote kinachojiita walinzi kinabanwa na sheria ileile ya makampuni. Ila msamaha huo una masharti na hapa ndo wengi wanateleza. Sharti la kwanza usilipwe, na sisi kwetu tumekataa hata hela ya mafuta, maana sitaki siku moja mtu asimame mahakamani aulizwe ile dola 20 ya kila Jumapili ilikuwa ya nini. Sharti la pili usivae sare wala beji yenye neno la ulinzi kwa Kiingereza, au inayokufanya uonekane kama polisi au askari wa kampuni.

Hilo la pili sisi lilitukuta. Kuna Jumapili tulitokea na fulana nyeusi mpya 12, mgongoni limeandikwa SECURITY herufi nyeupe kubwa, tena tulichangishana wenyewe na tulipendeza kweli. Muumini mmoja ambaye ni polisi mstaafu akanishika mkono pale pakingi kabla hatujaingia, akanambia taratibu, vueni hizo sasa hivi. Tukavaa makoti juu yake ibada nzima na ilikuwa Agosti, jua la Texas la Agosti mnalijua. Saivi tunavaa shati la kawaida na kitambaa kidogo cha kijani ambacho timu peke yake ndo inakielewa.

Kuhusu kibali cha kubeba, ni kweli tangu Septemba 2021 mwenye umri wa miaka 21 na asiye na katazo anaweza kubeba bastola Texas bila kibali cha jimbo. Mi bado nakwambia kakichukue. Sababu kubwa ni shule. Kuna sheria ya Marekani nzima inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300 hivi, na shule za binafsi na za kanisa zimo humo, na mmoja kati ya wachache wanaosamehewa ni yule mwenye kibali kilichotolewa na jimbo husika. Asiye na kibali hana huo msamaha hata kama Texas yenyewe haimdai kitu. Kanisa lako likiwa jirani na shule we unapita na bastola kiunoni kila Jumapili ukijiona uko salama kumbe sivyo.

Na hapa naomba utulie kidogo, maana makanisa yetu mengi hayana majengo, tunapanga. Sisi tunasali saa nane mchana kwenye jengo la kanisa la Wamarekani, na Jumatatu mpaka Ijumaa jengo hilohilo ni shule. Ukipita koridoni unakuta michoro ya watoto imebandikwa ukutani na viti vidogo vimepangwa. Ile ni shule hata kama Jumapili hamna mwanafunzi. Sheria ya jinai ya Texas inasema kuingia na silaha kwenye jengo la shule, ya serikali au ya binafsi, ni kosa kubwa, miaka 2 mpaka 10 jela na faini mpaka dola 10,000, labda uwe na ruhusa ya maandishi ya shule yenyewe. Maandishi. Mchungaji mwenyeji alikuwa keshatwambia kwa mdomo hakuna shida, mkono kwa mkono, kwa roho safi kabisa, lakini mdomo hausaidii mbele ya hakimu. Tukaomba barua ya uongozi wa shule yenye majina yetu, ikachukua wiki tatu kutoka na wiki zote hizo tatu hakuna aliyebeba kitu. Wapo walionuna. Barua ilipokuja ilikuwa ukurasa mmoja, nakala yangu nimeikunja kwenye pochi.

Kama shule inataka mtu wake mwenye silaha siku za masomo, hiyo ina njia zake. Tangu 2017 shule za binafsi Texas zinaweza kumteua mfanyakazi wao akasome mafunzo maalum ya saa 80. We mzazi wa kujitolea usijivishe cheo hicho.

Baada ya yote hayo, bastola yenyewe haikupi usalama unaoufikiria. Tarehe 29 Desemba 2019 pale White Settlement, ni hapahapa jirani na Fort Worth, mtu aliyevaa ndevu za bandia aliingia ibadani. Timu ya ulinzi walikuwa wanamwangalia tangu anaingia. Akasimama, akatoa bunduki, akaua watu wawili, na Jack Wilson aliyekuwa kiongozi wa ulinzi akampiga risasi moja, yote ndani ya sekunde sita. Watu wanalisimulia kama ushindi na mimi namheshimu sana yule mzee. Ila mmoja wa wale wawili waliokufa alikuwa wa timu ya ulinzi mwenyewe, alikuwa na bastola na ndo alikuwa anaichomoa. Na Wilson hakuanza kushika silaha mwaka huo, alikuwa mtu wa kufundisha wengine kulenga shabaha.

Kwaiyo kazi ya kwetu asilimia kubwa ni macho, salamu na mlango. Kujua mlango wa jikoni umefungwa, kujua nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto darasa la Jumapili, kujua kufunga ule mkanda wa kuzuia damu kwenye mguu au mkono. Mwaka jana alikuja kaka mmoja na begi zito, anatoka jasho, haangalii mtu. Nikamsogelea nikamwambia karibu kaka, umetoka mbali? Akaanza kulia palepale. Begi lilikuwa na nguo zake zote, alikuwa ametolewa alikopanga usiku ule. Tulimpa chai na kiti.

Ukitaka kuanza njoo Jumapili saa saba na nusu, mlango wa pakingi, usibebe chochote. Miezi mitatu ya kwanza utasimama na mimi, na kazi yako itakuwa kuangalia mikono ya watu na kuwakaribisha.