Miezi 14 ya kuomba matuta mbele ya shule

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Mbeya. Shule ya mwanawe iko kando ya barabara kuu ya TANZAM, malori hayakatiki, na wazazi wameshakaa vikao vitatu bila kujua waanzie wapi. "Dada, nyinyi mlifanyaje mpaka mkapata matuta?" Nilianza kumjibu kwenye simu, nikajikuta naandika mpaka saa sita usiku. Basi nimeona niyaweke hapa, na wengine wayasome.

Huku kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, lami ilipofika tulipiga vigelegele. Hakuna aliyefikiria kwamba yale mashimo tuliyoyalaani miaka yote ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia madereva. Asubuhi moja nilimwona binti wa darasa la nne amesimama ukingoni na mdogo wake wa darasa la kwanza. Alikuwa amemshika sweta, amekunja mkono wake kwenye ngumi mpaka bega la sweta limevutika. Walisubiri magari tisa yapite. La kumi lilipoonekana mbali kidogo akasema "Haya!" wakakimbia. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani yangu aligongwa na pikipiki pale pale, akavunjika mguu.

Sasa nieleze kosa langu. Jioni ile tulichanga elfu mbili mbili. Jumamosi kifusi kikashushwa, saruji ikakorogwa, tuta likasimama, refu, limechongoka, halina rangi wala kibao. Mimi ndiye niliyekusanya hela, na mimi ndiye niliyesema hatuna haja ya kumwomba mtu ruhusa. Usiku wa nne mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Kijana wa bodaboda wa mtaa huu huu, anayetuletea mizigo kutoka sokoni, akalipanda bila kuliona. Alivunjika mtulinga. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na hesabu ya kila siku haimngojei mgonjwa. Nilikwenda kumwona kwao. Mama yake alinipa chai, akaniuliza habari za wanangu, hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo bado linaniuma.

Greda la wenye barabara likaja kuling'oa tuta letu, na haki ilikuwa upande wao. Barabara ya umma haiguswi bila idhini ya mamlaka inayoisimamia. Kwa hiyo jambo la kwanza kulijua ni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya na za mitaani, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Mama wa Mbeya, yenu ni ya TANROADS, barua yenu iende kwa meneja wa mkoa. Kwenye barabara ya malori msiombe tuta peke yake. Ombeni rasta za kumshtua dereva kabla hajafika, vibao vya shule, na kivuko cha waenda kwa miguu.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za hasira. Niliipeleka ofisi moja ambayo siitaji, nikafuatilia mara tano, na mara ya tano nikaambiwa haionekani. Sikuwa na nakala. Nililia kwenye daladala mbele za watu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee mstaafu, ndiye aliyenirudisha kwenye mstari. "Mwanangu," aliniambia, "hasira haina kumbukumbu namba. Niletee kitu ambacho mhandisi hawezi kukibishia."

Nikatafuta kitu hicho. Tulipima kwa futi kamba mita 50 kando ya barabara, tukaweka alama kwenye nguzo mbili. Mimi na mwalimu mmoja tulikaa kwa siku tatu, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, tena saa sita mchana wanapotoka wadogo, na simu ya kuhesabia sekunde. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linamaliza mita 50 kwa sekunde 3 na nukta 6. Mengi yalitumia sekunde 3 au pungufu, yaani kilomita 60 na zaidi. Kisha tukapima watoto. Wa darasa la kwanza, akitembea, alivuka kwa sekunde 6. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari linatumia sekunde hizo hizo 6 kutoka nguzo moja hadi nyingine. Niliporudia hesabu ile nilielewa kwa nini Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la nchi mbalimbali kuhusu usalama barabarani, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Nyuma yake tuliambatanisha jedwali la sekunde, mchoro wa mkono unaoonyesha geti na mtaro, muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini za wakazi, na barua ya mwalimu mkuu. Ilipita kwa mwenyekiti, kwa mtendaji wa kata, ndipo ikafika kwa wenye barabara, na nakala zikaenda kwa diwani na kwa trafiki wa wilaya. Kila mahali nilidai mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe kwenye nakala yangu. Nasema tena: nakala. Usitoke masjala bila nakala yenye mhuri.

Muda nao una maana. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Ombi la Mei, hata likiwa zuri, litangoja.

Mhandisi alipokuja aliuliza kwanza maji yanapita wapi, nikafurahi kwamba mtaro ulikuwa kwenye mchoro. Alilisogeza tuta kutoka mahali tulipotaka kwa sababu pangetuama maji. Alishauri pia tuta bapa lenye zebra juu yake, ili mtoto avuke akiwa ameinuliwa mbele ya macho ya dereva. Geti tulilihamisha wenyewe wazazi, kutoka barabarani hadi kwenye kichochoro cha pembeni, ili watoto wasimwagike moja kwa moja kwenye lami. Wazo hilo si letu. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend limefanya kazi ya namna hii kwenye shule kupitia mpango wake wa SARSAI, wa kukagua na kuboresha barabara za karibu na shule, ambao mwaka 2019 ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha kimataifa cha maendeleo ya miji, ya dola 250,000 za Marekani. Nalitaja kwa fahari, maana dunia ilitutazama sisi.

Tangu barua ya kwanza hadi rangi kukauka ilipita miezi 14.

Lakini ndugu zangu wazazi, nisemeni mkitaka: huwezi kusaini ombi la matuta jioni, kisha asubuhi ukampakiza mwanao mshikaki, watoto watatu kwenye bodaboda moja, na kumwambia dereva "wahi". Huwezi kulalamika kwamba serikali haisikii wakati mkutano wa mtaa hujauhudhuria mwaka mzima. Watoto hawana saini. Sisi tunazo, tuzitumie.

Yule kijana amerudi barabarani, bega lake bado linamsumbua siku za baridi. Rangi ya zebra imeanza kufutika upande magari yanakotokea mjini. Barua ya kuomba ipakwe upya niliigongesha mhuri Jumatatu.