Kiambatisho au linki: kwa mnaoanza kazi za uga Tabora

Uko ghalani kwenye chama cha msingi huko Kaliua, mkuu wako yuko ofisini Tabora mjini, na ripoti ya mizani inatakiwa kabla ya saa kumi. Simu ndiyo ofisi yako. Wageni wengi wa kazi huanza kwa kuangalia ukubwa wa faili, na kweli ukubwa una nafasi yake. Lakini jiulize kwanza: anayepokea anataka nakala isiyobadilika, au anataka kuingia kwenye faili ambalo bado linajazwa?

Kiambatisho ni nakala. Ikishafika kwa mwenzako ni mali yake, na ukifuta ya kwako, yake inabaki. Gmail inakuruhusu kutengua barua ndani ya sekunde chache tu, zisizozidi 30. Linki ni ruhusa ya kulifikia faili lililobaki kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Ukilirekebisha, wote wanaona marekebisho. Ukilifuta, linki ya kila mtu inakufa.

Kwa hiyo barua iliyosainiwa, ankara, mkataba na ripoti iliyokwisha kupitishwa vitume kama kiambatisho, tena PDF. Jedwali la mizinga ya nyuki linalojazwa na maofisa wa kata nne za Sikonge litume kwa linki. Likienda kama kiambatisho, jioni utakuwa na majedwali manne yasiyolingana, na lako la tano. Kibaya zaidi, mtu hulifungua kwenye simu, akajaza, programu ikahifadhi nakala mpya kwenye folda nyingine, kisha akajibu barua kwa kuambatisha lile la zamani lisilojazwa. Hilo hutokea mara nyingi, na anayelaumiwa huwa ni mtandao.

Tuje kwenye ukubwa. Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini faili la MB 25 huenda lisipite. Barua pepe huligeuza faili kuwa herufi ili lisafiri, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili la MB 18 linafikia MB 24 njiani, hivyo hesabu MB 18 kuwa mwisho wako. Seva za ofisi nyingine zina kikomo cha chini zaidi, hata MB 10, na barua iliyozidi hurudi na ujumbe wa Kiingereza usiotoka kwa mtu yeyote. Usome. Ukiupuuza utaamini ripoti imefika.

Kinachonenepesha barua kwa kawaida ni picha. Picha moja ya simu ni MB 3 hadi 5, na kurasa sita za hati zilizopigwa picha zinaumaliza ule uzito wote. Skani kwa programu ya Drive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Google: gusa alama ya kamera, piga kurasa moja baada ya nyingine, hifadhi kama PDF moja. Faili litakuwa dogo zaidi na msomaji hatalazimika kugeuza simu kila ukurasa.

Kuhusu bando, wengi wanakosea hesabu. Ukituma barua moja yenye kiambatisho kwa watu kumi, wewe unapakia mara moja tu. Kila mpokeaji ndiye anayelipia kupakua kwa bando lake. Muda nao upigie hesabu: MB 1 ni megabiti 8, hivyo MB 20 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni sekunde 160, karibu dakika tatu, iwapo mtandao hautayumba.

Sasa linki, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fungua Drive, gusa alama ya kujumlisha, pakia faili, kisha subiri mpaka limalize kabisa. Likikwama kwa kusubiri Wi-Fi, nenda kwenye mipangilio ya Drive uondoe amri ya kuhamisha mafaili kwa Wi-Fi pekee. Likishapanda, gusa vidoti vitatu pembeni ya jina lake, ingia kwenye kushiriki, andika anwani ya mpokeaji, kisha chagua cheo chake: kutazama tu, kutoa maoni, au kuhariri. Mkuu anayesoma mpe kutazama. Kuhariri wape wanaojaza tu, kwa sababu kidole kimoja kwenye skrini ndogo kinatosha kufuta safu nzima bila mwenyewe kujua.

Ukinakili linki bila kugusa ruhusa, kwa kawaida faili limefungwa kwa kila mtu isipokuwa wewe. Mpokeaji ataambiwa aombe ruhusa, ombi litakuja kwenye barua pepe yako, na wewe umeshapanda basi kuelekea Nzega. Kosa jingine linatoka upande wake: simu yake ina akaunti mbili za Google, umempa ruhusa kwa ile ya kazi, lakini linki imefunguka kwa ile ya binafsi. Mwambie abadilishe akaunti kabla hujaanza kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Hapo ndipo mtu anapochoka na kuchagua kwamba yeyote mwenye linki aingie. Kwa tangazo la mkutano, sawa. Kwa orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na namba za NIDA, tafadhali usifanye hivyo. Linki hiyo ikitupwa kwenye kundi la WhatsApp, kila atakayeipata atasoma, na hutajua ni nani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkulima alikupa namba yake ili alipwe tumbaku yake. Kama linki ilishatoka, rudisha ruhusa iwe kwa watu waliotajwa tu, lakini fahamu kwamba nakala zilizopakuliwa hazirudi.

Kabla ya kwenda vijijini, kumbuka kwamba linki haitakusaidia pale minara inapopotea. Ndani ya Drive gusa vidoti vitatu kwenye faili, uliwekee kupatikana bila mtandao. Kiambatisho nacho kifungue ukiwa bado mjini. Kuiona barua kwenye orodha hakumaanishi kwamba faili lililo ndani yake limeshashuka kwenye simu.

Kuna suala la mwenye faili. Folda ya kazi iliyoanzishwa kwenye Gmail ya mtu wa mkataba wa miezi sita huondoka naye, kwa hiyo omba ofisi ifungue akaunti yake, na ukipewa barua pepe ya serikali, nyaraka za serikali zibaki humo. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Video za shughuli na picha za familia zikizijaza, Gmail inaacha kupokea barua, hata ile fupi ya kukuita kikaoni. Angalia nafasi iliyobaki kila mwezi, na ukifuta vitu Drive, kumbuka hukaa siku 30 kwenye pipa la taka vikiendelea kula nafasi hadi ulimwage.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali: 2025-06-14_Urambo_mizani. Ukishatuma, iwe linki au kiambatisho, mtumie mpokeaji meseji ya kawaida: "Mkuu, shikamoo. Ripoti ya Urambo nimetuma kwa barua pepe, kurasa 5. Naomba uifungue unijulishe kama imefunguka."