Kwa mnaoanza kusoma Vita Baridi: kuzuia si kung'oa

Wadogo zangu mlioanza historia ya kimataifa mwaka huu, kosa ninalokutana nalo zaidi ninaposahihisha insha ni hili: "Marekani ilitaka kuufuta ukomunisti duniani." Nami niliandika hivyo mwaka wa kwanza. Mwalimu wangu alipiga mstari mwekundu chini ya neno "kuufuta", akanirudisha kwa Kennan, baba wa sera ya kuzuia (containment): kuuzuia ukomunisti usienee, si kuung'oa ulipo.

Nanyi anzieni huko. George Kennan alikuwa mwanadiplomasia kwenye ubalozi wa Marekani mjini Moscow. Februari 1946 alituma Washington telegramu ndefu sana, na Julai 1947 makala yake ikatoka chini ya herufi X badala ya jina. Aliona kwamba Wasovieti hupenya penye mwanya, lakini hawana haraka, na wakikuta kizuizi imara hurudi nyuma. Basi mianya izibwe, kwa subira ya miaka mingi, hadi mfumo wao ulegee au ubadilike kwa udhaifu wake wenyewe. Mkulima anayefyeka njia ya kuzuia moto haingii motoni. Anauacha ule kilichopo uishe.

Mwanya wenyewe ulikuwa nini? Hapa msipite mbio. Machi 1947 Rais Truman aliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Kuanzia 1948 Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuinua uchumi baada ya vita, ukapeleka Ulaya Magharibi karibu dola bilioni 13. Kama hofu ilikuwa mizinga ya Stalin, kiongozi wa Wasovieti, peke yake, chakula, mafuta na mashine vya nini? Ni kwa sababu vyama vya kikomunisti vya Ufaransa na Italia vilikuwa na nguvu kwenye sanduku la kura, na watu walikuwa na njaa. Kuinua uchumi lilikuwa lengo lenyewe la ulinzi. Insha nyingi hukimbilia NATO, muungano wa kijeshi wa 1949, na kuliacha hili, na inaniuma kila mara.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni Yugoslavia. Tito, kiongozi wake, alikuwa mkomunisti kamili, lakini alipokosana na Stalin mwaka 1948, Marekani ilimsaidia. Kilichozuiwa hasa kilikuwa nguvu ya Moscow.

Baadaye sera ilibadilika, nanyi lazima muandike mwaka kando ya kila lengo. Kennan alijali zaidi maeneo machache yenye viwanda: Uingereza, bonde la mto Rhine, Japani. NSC-68, waraka wa siri wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani wa Aprili 1950, uliutazama ulimwengu mzima kama uwanja wa mapambano, ukataka silaha nyingi zaidi. Miezi miwili baadaye vita vya Korea vikaanza, na bajeti ya ulinzi ikapanda zaidi ya mara tatu. Huko Korea, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yalipovuka mstari wa nyuzi 38, uliogawa Korea Kaskazini na Kusini, kwenda kaskazini, yalitoka kwenye kuzuia yakaingia kwenye kung'oa. China ikaingia vitani. Mapigano yalisimama Julai 1953, karibu pale pale yalipoanzia.

Kennan mwenyewe hakupenda sera yake igeuzwe kuwa ya mtutu kila mahali. Februari 1966 alikwenda mbele ya kamati ya mambo ya nje ya Seneti kupinga kuvikuza vita vya Vietnam. Someni ushahidi wake huo kabla hamjaandika sentensi hata moja kuhusu Vietnam.