Makofi yaliyokwenda kwa mwingine

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi. Unasema mlimchangia mwenzenu kazini kwa ajili ya matibabu, fedha zikapungua, ukaliziba pengo kimyakimya. Kikaoni akashukuriwa aliyepeleka bahasha tu, akapigiwa makofi. Sasa unaniuliza: mbona imekuuma, ilhali mwenyewe ndiye uliyetaka isijulikane? Je, wewe ni mnafiki?

Hapana, mwanangu. Mnafiki angeshamtuma mtu akaseme. (Ungeweza kunijibu kwamba umeniambia mimi. Haihesabiki, mimi ni mama yako.)

Sijawahi kukusimulia habari ya viatu. Nilikuwa darasa la tano, akaja mfadhili mmoja shuleni. Tukaitwa mbele mmoja mmoja, wenzetu wote wamepanga mistari. Nikaambiwa nivijaribu palepale. Nikavua kandambili, mguu una vumbi mpaka kifundoni, na yule bwana akainama akanishika kisigino huku macho yake yako kwenye kamera. Viatu vilikuwa vizuri, sitamdhulumu. Nilivivaa mpaka soli zikaisha, na mpaka siku hiyo hakukosekana wa kuuliza, "Ndivyo vile?"

Miaka michache baadaye ada ya mtihani ikatushinda nyumbani. Nikaenda kwa karani kuomba muda. Akafunua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Wewe umeshalipiwa. Pisha mwingine." Nani kalipa? Hakusema, na hadi leo sijui. Basi kwa miezi kadhaa nilimwamkia kila mtu mzima kwa adabu ya ajabu, maana yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye. Hata mzee mmoja mkali, ambaye tulizoea kumkimbia, nikaanza kumshuku wema.

Wewe unayajua masimango. Yule wa viatu hakunisimanga hata kwa neno moja, picha ilimfanyia kazi hiyo. Ndiyo maana napenda jinsi Kurani inavyolisema jambo hili katika Al-Baqara, aya ya 271: sadaka ya dhahiri haikukatazwa, imeitwa njema, ila kuwapa mafukara kwa siri ndiyo bora zaidi. Wakristo nao wana ule mkono wa kushoto usiotakiwa kujua ufanyalo wa kuume.

Lakini usije ukauabudu ukimya, maana nao una kiburi chake. Kuna Mmarekani mmoja, Chuck Feeney, aliyetajirikia kwenye maduka yasiyotozwa ushuru. Mwaka 1982 alianzisha mfuko wa hisani, akagawa mali kwa miaka mingi bila jina lake kutajwa, mpaka siri ikafichuka mwaka 1997. Baadaye alikubali kuzungumza hadharani, akitaka matajiri wenzake nao watoe wangali hai. Hadi anafariki mwaka 2023, alikuwa ametoa zaidi ya dola bilioni 8. Kusema kwake hakukumfedhehesha mtu. Kama hata nusu ya waliomsikia walifungua pochi, alifanya vyema kuvunja ukimya.

Mimi hujiuliza tu: huku kujulikana kwangu, anayelipa gharama yake ni nani? Kwako wewe angeilipa mgonjwa. Angepona, arudi kazini, kisha kila asubuhi akutane nawe mlangoni akitafuta namna ya kukutazama. Sasa atakusalimu kama zamani, na mtagombania kiti cha dirishani kama zamani. Huyo wa bahasha mwache na makofi yake. Pengine naye hajalala vizuri, anajua hesabu haikuwa yake.

Nenda kamjulie hali mgonjwa, na usikae sana, wagonjwa huchoka. Siri yako sijamwambia mtu, isipokuwa baba yako, naye unamjua: kufikia jioni atakuwa ameshasahau.

Mama yako