Anaunguruma? Usimpige

Nikimsogelea mbwa wangu akila mapanki (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) anaunguruma. Nimchape? (Igoma)

Usimchape. Kuunguruma ni onyo, na mbwa anayepigwa kwa kuonya hujifunza kunyamaza. Siku nyingine atang'ata bila taarifa. Huyo anaogopa kunyang'anywa, na kwa watoto wetu uswahilini, hofu yake ina msingi. Mlishie pembeni, pasipopita mtu. Kila siku pita kwa mbali, mrushie kipande cha minofu kinachozidi utamu wa mapanki, kisha nenda zako bila kusimama. Akianza kutikisa mkia anapokuona, punguza umbali kidogo. Ukiona amekaza shingo, anameza harakaharaka na kukutazama kwa kona ya jicho hadi weupe unaonekana, umesogea mno. Rudi nyuma, jaribu tena kesho.

Tunamfunga mnyororo mchana ili usiku awe mkali. Sasa kamrukia mpangaji. (Nyegezi)

Mmepata mlichokitafuta. Ila ukali wa mnyororo hauchagui mwizi na mpangaji. Aliyefungwa hawezi kukimbia kinachomtisha, anabakiwa na meno tu. Mjengeeni banda lenye uzio, mtembezeni asubuhi kabla ya jua, na wapangaji wampe chakula mara mojamoja wakiwa nanyi. Mlinzi mzuri anabweka, hahitaji kurarua mtu.

Mbwa wa jirani kamng'ata mwanangu. Bibi anasema tupake mafuta ya taa, vijana wanataka kumuua mbwa. (Kirumba)

Mafuta ya taa acheni kabisa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali leo leo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Chanjo inafanya kazi kabla ya hapo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Akionekana mzima, afungiwe na daktari wa mifugo amwangalie siku 10. Akianza kudondosha mate, kushindwa kumeza au kubadilika sauti, msimguse, mpigieni daktari huyo mara moja. Na mwulizeni jirani cheti cha chanjo, ambayo hurudiwa kwa ratiba.

Mpole miaka yote, juzi kamng'ata mke wangu alipomshika sikio. (Buhongwa)

Sikio linauma, yawezekana lina usaha au kupe ndani. Mkeo aoshe jeraha na aende hospitali kama nilivyomwambia wa Kirumba, na mbwa aonwe na daktari wa mifugo. Msimtie dawa ya kubahatisha sikioni.