Nyambizi yako haizami? Leta mizani

Nimeunda nyambizi ya mfano kwa paipu ya PVC ya inchi nne, urefu sentimita 60, nikaziba ncha zote. Mota inavuma lakini haizami. Niweke mota kubwa zaidi? (Donholm)

Mota haina kosa. Swali hili hunijia kila mara, na kila mara muulizaji hajapima chochote. Paipu hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 110. Piga 3.14 × 5.5 × 5.5 × 60, upate sentimita za ujazo 5,700 hivi. Yaani chombo kinachukua nafasi ya lita 5.7 za maji, na hakitazama mpaka kiwe na kilo 5.7. Mizani ikisoma kilo 3, una deni la kilo 2.7.

Lilipe kwa madini ya risasi, ndani, sakafuni kabisa, katikati ya urefu. Risasi ikikaa juu, nyambizi itageuka tumbo juu punde tu inapozama. Nunua chubwi za wavuvi au vyuma vya kubalansi magurudumu, lakini vya siku hizi vingine ni zinki au chuma: kwaruza kwa msumari, risasi huchanika kirahisi. Na asithubutu mtu kuyeyusha betri kuukuu ya gari nyuma ya nyumba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Hiyo ndiyo sumu unayotaka kuwapikia watoto wako?

Tangi la kujaza maji ili nyambizi izame liwe la ukubwa gani? (Rongai)

Sawazisha chombo hadi kitulie ndani ya maji bila kupanda wala kushuka. Kisha toa risasi iliyo ndani kidogo kidogo mpaka kielee pale unapotaka mstari wa maji uwe. Pima ulichotoa: gramu 350 ni tangi la mililita 350, yaani sirinji sita za mililita 60. Tangi liwe fupi na likae katikati. Tangi refu likiwa nusu, maji hukimbilia puani na nyambizi huenda chini kichwakichwa.

Lakini kama hiki ni chombo chako cha kwanza, tangi la nini? Acha kielee kwa gramu 50 hivi, ukizamishe kwa mwendo na mapezi. Betri ikifa, kinapanda chenyewe. Chenye tangi lililojaa kinabaki chini, na wewe unavua shati.

Rimoti ya droni itafaa? (Umoja)

La. Masafa ya gigahezi 2.4 hufifia upesi mno chini ya maji. Tafuta megahezi 27 au 40, na hata hizo ni za maji yasiyo na chumvi tu. Ukienda Mombasa likizo, nyambizi ibaki nyumbani.

Nitarushaje topido, kombora la chini ya maji? (watu watatu, wiki hii pekee)

Mizani mmenunua?

Nianze na kipimo cha 1:72 au 1:96? (Lang'ata)

Acha paipu iamue. Nyambizi za Marekani za daraja la Los Angeles zina upana wa mita 10 na urefu wa mita 110. Paipu ya milimita 110 inakupa 1:91, chombo cha mita 1.2.

Nimepaka ringi ya mpira ya kifuniko Vaseline, bado inavuja. (Kasarani)

Vaseline hutokana na mafuta ya petroli, nayo huvimbisha mpira wa aina nyingi. Tumia grisi ya silikoni. Ila sidhani ni kifuniko. Kwenye kina cha mita moja maji yanakikandamiza kwa kilo 9 na zaidi, yakikisukuma ndani. Mvujo wa kawaida uko kwenye shafti ya propela na matundu ya nyaya. Toa vifaa vya umeme, funga, tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu: hewa ya ndani itatanuka na mapovu yatakuonyesha tundu. Halafu weka karatasi ya shashi ndani, zamisha saa nzima. Ikitoka na unyevu, rudia kazi. Kuimwagia gundi nje ni kujidanganya.

Naweza kuijaribu Nairobi Dam? (Kibera)

Magugu maji yatakaba propela kabla hujafika mbali, na maji yenyewe ni ya taka. Omba msimamizi wa bwawa la kuogelea nafasi ya asubuhi, kabla ya waogeleaji. Mashimo ya machimbo yaliyojaa maji msiyakaribie kabisa: kingo zake zinaenda chini wima, na atakayetumbukia akifuata nyambizi hana pa kushika.