Insha ya filamu za zombi: watazame walio hai

Ndugu, umeuliza uanze na filamu zipi za zombi (maiti wanaotembea) kwa insha yako kuhusu jamii. Mbili za mwongozaji George Romero zinatosha: Night of the Living Dead (1968) na Dawn of the Dead (1978).

Tazama kila moja mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote. Ya pili, achana na zombi, fuatilia walio hai: nani anatoa amri, nani anabishiwa, redio inasema nini, nani anakufa na kwa mkono wa nani. Katika ile ya 1968, Ben, mtu mweusi, ananusurika usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na wanamgambo wanaomdhania zombi. Picha mgando zinazofuata ndizo ushahidi wako mzito kuhusu ubaguzi wa rangi. Ila tahadhari: skripti haikutaja rangi yake, na Romero alieleza kwamba Duane Jones, aliyemwigiza Ben, alichaguliwa kwa uigizaji wake. Basi andika “filamu inaonyesha”, si “mwongozaji alikusudia”. Wengi hukwama hapo.

Ya 1978 ni nyepesi kufasiri, pengine mno: zombi wanazurura kwenye jengo la maduka kwa mazoea. Usiishie kwao, angalia waliojifungia humo wanavyojilimbikizia vitu wasivyovihitaji.